Je, wadudu hawaizoei pamba ya GMO?

Umeuliza kama funza, yaani watoto wa nondo wanaokula pamba, hawatakuja kuizoea sumu ya pamba iliyobadilishwa vinasaba (GMO). Sumu hiyo inaitwa Bt, na asili yake ni bakteria. Wanaizoea, na imeshatokea. Soma kazi za Bruce Tabashnik, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani. Mwaka 1990 yeye na wenzake waliripoti kutoka Hawaii kwamba nondo wa kabichi walikuwa wameanza kuhimili Bt iliyopuliziwa mashambani kama dawa, kabla hata mimea inayojitengenezea Bt haijaanza kuuzwa. Kwa hiyo tatizo si GMO peke yake. Sumu yoyote ikitumika kila mahali, kila msimu, itabakiza wadudu sugu.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: karibu na pamba ya Bt unapanda pamba ya kawaida, funza wale washibe. Najua inasikika kama kichekesho! Lakini nondo mmoja sugu akitoka kwenye Bt, anakutana na mamia wasio sugu kutoka upande wa pili. Wanapandana, na watoto wao wakila jani au tumba la Bt wanakufa, kwa sababu kwa funza wa pinki usugu kwa kawaida unahitaji kurithiwa kwa baba na mama pia.

Arizona walifuata utaratibu huo, na kuanzia 2006 wakaachia nondo tasa kwa ndege, ili wao ndio wapandane na wale sugu. India wakulima wengi hawakupanda pamba ya kawaida, na funza yuleyule akawashinda.