Hasira za mazoezini: barua kwa mwanangu

Mwanangu Salimu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Nimeona bora nikujibu kwa maandishi, ili uweze kuyarudia ukiwa umetulia.

Unasema ofisini wanakusifu kwa upole na mkeo hajawahi kukusikia ukipaza sauti, lakini ukishaanza kutoka jasho jimu unabadilika. Muziki unakukera. Mtu akikaa kwenye benchi ulilokuwa unalingojea, unatamani kumvaa. Wiki iliyopita umemsukuma kijana wa watu kifuani kwa sababu alichukua dambeli ulizokuwa umeziweka chini upumzike. Halafu ukauliza: "Mama, au ndiyo nimemrithi babu?"

Nianze na babu, maana nilisikia sauti yako ilivyoshuka hapo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkali asubuhi, mchana na usiku, ashibe au awe na njaa, awe shambani au kitandani. Hasira yako wewe ina saa yake na mahali pake. Nimefanya uuguzi wodini miaka mingi, na naijua tofauti hiyo: jambo lenye saa yake lina sababu inayotafutika. Kwa hiyo tuitafute.

Unaponyanyua vyuma au kukimbia, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, pumzi zinakuwa fupi, ini linatoa sukari iende kwenye misuli. Mtu akikutukana barabarani, mwili unafanya hayo hayo. Sasa moyo unadunda, kichwa kinatafuta kisa cha kudunda, na mbele yako yupo kijana ameshika dambeli zako. Unamtwika yeye mzigo wote. Mwaka 1972 huko Marekani, mtafiti Dolf Zillmann na wenzake waliwachokoza watu makusudi, kisha baadhi wakapandishwa kwenye baiskeli ya mazoezi na wengine wakapewa kazi isiyotoa jasho. Waliopiga pedali ndio waliolipiza kwa ukali zaidi. Na katika utafiti uliofuata walionyesha jambo ambalo ningependa ulishike sana: hatari haiko pale unapohema, kwa kuwa hapo unajua ni mazoezi. Iko dakika chache baadaye, unapodhani umeshapoa kumbe mwili bado umepanda. Ndiyo maana nakuomba usipokee simu ya bosi wala usishike usukani mara tu ukitoka pale. Kaa kwanza, unywe maji, uoge.

Ulisema pia kwamba unakwenda jimu ili umwage hasira za kazini. Hapo, mwanangu, sikubaliani nawe hata kidogo. Kukimbia ukiwa umekasirika ni kupepea jiko. Mwaka 2024 watafiti Sophie Kjærvik na Brad Bushman walikusanya tafiti 154 zenye watu zaidi ya 10,000, wakakuta kwamba mambo yanayopandisha mwili joto kwa jumla hayapunguzi hasira, na kukimbia kulielekea hata kuiongeza. Kilichosaidia ni vile vinavyoushusha mwili: kuvuta pumzi taratibu, kutafakari, yoga. Michezo ya mpira ilijitenga na hiyo mingine, ilipunguza hasira, na mimi nadhani ni kwa sababu kuna wenzio na kuna kucheka. Siku bosi amekuudhi, swali kwanza Magharibi yako bila haraka, ukae kwenye mkeka hadi pumzi zirudi chini. Mazoezi yatakungoja.

Sasa chakula. Umeniambia unakula saa saba mchana, chapati na chai, na unafika jimu saa kumi na mbili jioni. Katikati hapo hakuna kitu. Kuna kijana mpakiaji magunia waliyemleta wodini kwetu amefungwa kamba mikono. Wenzake walisema amerogwa: alikuwa anafanya kazi vizuri, ghafla akaanza kutukana watu wazima na kurusha ngumi. Nilipomshika mkono ulikuwa baridi na umelowa jasho, shati limegandia mgongoni, midomo inatetemeka. Tulipomchoma kidole, sukari ya damu ilikuwa 2.3, chini mno. Alikuwa na kisukari, alikuwa amejidunga insulini asubuhi, kisha akabeba magunia bila kula. Daktari aliagiza glukosi kwenye mshipa, na haikuchukua muda akafumbua macho, akatazama zile kamba, akauliza kwa adabu kabisa, "Dada, nimefanya nini?"

Wewe huna kisukari, ini lako linakulinda, hutafika alikofika yule. Lakini njaa humpunguzia kila mtu subira, na wewe unaipeleka njaa yako moja kwa moja kwenye vyuma. Saa kumi na moja kula ndizi mbivu mbili, au kiazi kitamu cha kuchemsha, au mkate na karanga. Na maji uyanywe tangu mchana, hasa miezi hii ya joto la Dar, jasho linapokutiririka hata ukiwa umekaa.

Ule unga unaochanganya na maji kabla ya mazoezi umenitia wasiwasi zaidi. Soma kwenye kopo uone kafeini ni kiasi gani. Mwingi wa aina hiyo una miligramu 150 hadi 300 kwa kijiko, na kwa mtu mzima mwenye afya kiwango kinachoshauriwa kutozidishwa ni miligramu 400 kwa siku nzima. Ongeza kahawa zako za ofisini, hesabu haiko mbali kujaa. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, yaani unga wa saa kumi na mbili, nusu yake bado imo mwilini saa tano usiku. Ndiyo hiyo inayokufanya ulale saa saba na kuamka saa kumi na moja, halafu jioni unakwenda jimu mchovu na unatia kijiko kingine. Mimi ningeanzia hapo. Uache kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, maana ukiukata ghafla kichwa kitakuuma na hasira zitazidi kabla ya kupungua.

Na nikuulize wazi, kama mama na kama muuguzi: kuna mtu yeyote hapo amekupa vidonge au sindano za kujaza misuli? Kama ni steroidi, hasira ni mojawapo ya madhara yake, na moyo na ini navyo huumia. Ukiniambia sitakufokea. Tutakwenda kwa daktari pamoja.

Hata bila hizo, punguza kasi. Unakumbuka mchakamchaka wa shuleni, mnakimbia huku mnaimba? Mtu anayeweza kuimba hajaukamua mwili wake hadi mwisho. Kwa wiki hizi chache fanya mazoezi ambayo ungeweza kuongea huku ukiyafanya, siku tatu au nne tu kwa wiki. Mtu anayejikamua kila siku bila kupumzika hulala vibaya, mapigo ya moyo yanabaki juu hata asubuhi kitandani, na anakuwa mwepesi wa kukasirika. Jumamosi ungana na wale wa jogging mtaani kwenu, ukimbie na watu.

Hili la moyo silisemi kukutisha. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2016, wa watu 12,461 waliopata shambulio la moyo kwa mara ya kwanza katika nchi 52, ulikuta kwamba hasira au fadhaa kubwa ndani ya saa moja kabla ya shambulio iliongeza hatari zaidi ya mara mbili, kutumia nguvu nyingi vivyo hivyo, na vyote viwili kwa pamoja mara tatu. Kwa umri wako hatari ni ndogo. Lakini babu yako wa upande wa baba alikuwa na presha, na wewe hujapima tangu ulipooa.

Kwa hiyo nenda ukapime presha, sukari na damu. Mwambie daktari kuhusu hasira hizi bila kuona haya, umwombe aangalie na tezi ya shingo, hasa kama umepungua uzito bila kujua, mikono inatetemeka au joto linakusumbua kuliko wenzako. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au ukafanya jambo la ukali na usilikumbuke, usingoje siku ya miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Yule kijana uliyemsukuma umtafute umwombe radhi, mbele ya wale wale waliokuwepo. Usimweleze habari za adrenalini wala njaa. Hizo ni zako na daktari. Mwambie umemkosea, basi.

Majibu ya vipimo nipigie picha unitumie. Msalimie mkeo.

Mama yako,
Tanga