Jibu: make inagoma kuiona DEVKITARM

Kaka wa Chumbageni uliyeuliza kwa nini make (programu inayojenga game kutoka kwenye msimbo wako) inalalamika kwamba DEVKITARM haijawekwa: hiyo haimaanishi kwamba devkitPro, vifaa vyako vya kutengenezea game za Nintendo DS, imeharibika. DEVKITARM ni jina tu linaloielekeza make kwenye folda ya kompaila, yaani kigeuza msimbo kuwa programu. Usifute kitu! Bando la kushusha yote upya utalitoa wapi? Kwenye Ubuntu devkitPro inakaa /opt/devkitpro, na njia zake zimeandikwa ndani ya /etc/profile.d/devkit-env.sh, faili ambalo husomwa unapoingia upya. Kwa hiyo toka kwenye akaunti, ingia tena, kisha andika echo $DEVKITARM. Ikikujibu /opt/devkitpro/devkitARM, hapo pameisha.

Halafu nimeona folda umeiita "Game Zangu". Nafasi hiyo ya katikati make haiitaki kabisa, iite game_zangu.

Kama bado hujashusha vifaa vya DS, ni sudo dkp-pacman -S nds-dev, kompaila na libnds (maktaba ya kuandikia game za DS) vinakuja pamoja. Nakili mfano mmoja kutoka /opt/devkitpro/examples/nds, piga make, utapata faili la .nds, ndiyo game yenyewe. Lijaribu kwenye melonDS, programu inayoiga DS, hapo hapo kwenye kompyuta. Ile DS ya mtumba uliyoahidiwa Ngamiani isubiri, maana bila kadi ya flash (kadi ya kuchomeka kwenye DS yenye game ulizoziweka mwenyewe) wala haitalisoma.