TSH 3.7 kwako, 1.2 kwa mwenzako, na wote mko wazima

Dada uliyeuliza kuhusu kipimo cha thairoidi, ile tezi ya shingoni, nimesoma maelezo yako yote. Mlipimwa afya kazini, TSH yako (homoni ya pituitari inayoiamrisha tezi hiyo ifanye kazi) ikasoma 3.7, ya rafiki yako mnayelingana umri ikasoma 1.2. Hakuna kati yenu anayejisikia vibaya, ila umeshatishwa kwamba tezi yako imeanza kuchoka. Mimi niko maabara, upande wa homoni, na swali hili tunaletewa dirishani mara kwa mara.

Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida cha TSH kuwa 0.4 hadi 4.0 hivi. Kiwango hicho hupatikana kwa kupima watu wengi wazima, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati. Kwa hiyo ni cha kundi zima, na cha mtu mmoja huwa chembamba zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Denmark walichapisha utafiti wa wanaume 16 wazima waliopimwa kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kila mmoja alizunguka palepale pake, na upana wa kiwango chake ulikuwa takriban nusu ya ule wa kundi.

Mahali pako pametoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwa wazazi. Hukohuko Denmark walilinganisha mapacha wanaofanana na wasiofanana, wote wazima, na mwaka 2004 wakakadiria kwamba karibu asilimia 64 ya tofauti za TSH kati ya watu inatokana na kurithi. Tafiti nyingine zimepata chini ya hapo, lakini bado sehemu ya kurithi ni kubwa.

Chukua jeni moja inayoitwa PDE8B, iliyohusishwa na TSH mwaka 2008 kupitia watu wa kisiwa cha Sardinia, Italia. Jeni hii hutengeneza kimeng'enya kinachovunja cAMP, yaani kemikali inayopeleka amri ya TSH ndani ya seli za tezi. cAMP ikivunjwa haraka, tezi inakuwa kama mtu mwenye usikivu mdogo: pituitari, iliyo chini ya ubongo, inalazimika kupaza sauti. TSH inapanda kidogo, T4, yaani homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe, inabaki ya kutosha, na mwenye mwili haumwi chochote. Kila nakala ya aina hiyo ya jeni huongeza TSH kwa takriban 0.13. Ni kidogo, ila jeni za namna hii ni nyingi. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa watu zaidi ya 72,000 ulifikisha sehemu 42 za DNA zinazohusiana na TSH. Watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya, na hilo linaniuma, kwa sababu hata Marekani vipimo vya kitaifa vimeonyesha watu weusi wana TSH ya chini kidogo kwa wastani kuliko wazungu. Sisi tunahitaji takwimu za watu wetu.

Urithi huweza kudanganya hata kwenye T4: kuna kijana aliletwa kwetu T4 ya jumla ikiwa chini sana, tayari ameambiwa ajiandae kumeza vidonge maisha yote. Tukapima T4 huru, ile isiyoshikwa na protini za damu: sawa. TSH: sawa. Alipoulizwa kuhusu ukoo, akasema mjomba wake naye aliwahi kuambiwa hivyohivyo. Picha hiyo ni ya upungufu wa TBG, protini inayobeba T4 kwenye damu. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana inapita kwa mama na kujitokeza zaidi kwa wanaume. Homoni inayofanya kazi iko salama, na hali hiyo haihitaji dawa.

Sasa wewe. Rudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, maabara ileile, asubuhi kama mara ya kwanza, maana TSH hushuka mchana. Omba T4 huru na anti-TPO (kipimo cha kingamwili dhidi ya tezi) pamoja, kwa sababu anti-TPO ikiwa juu, kinga ya mwili inaishambulia tezi na habari inabadilika. Kama unameza biotini, aina ya vitamini, kwa ajili ya nywele, mwambie mpimaji na uiache siku mbili kabla, kwani huvuruga baadhi ya mashine. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, usisubiri miezi hiyo, nenda kwa daktari sasa. TSH ikivuka 10, au shingo ikivimba, hapo usijifariji kwa habari za ukoo.

Muulize na mama yako na ndugu wa tumbo moja kama wana karatasi za zamani za vipimo. Wakiwa nao wanacheza kwenye 3 na wako salama, mpelekee daktari karatasi hizo pamoja na yako, kabla hujaandikiwa kidonge chochote. Majibu ya T4 huru na anti-TPO yakitoka, funika jina uyaweke hapa tuendelee.