Nahodha mpya, wazee wa timu wanakwepa mazoezi

Ndugu, umesema umechaguliwa nahodha wa timu ya futiboli ya Kimarekani hapo chuoni kwenu Ohio, wachezaji wawili wa mwaka wa nne wanakwepa mazoezi ya vyuma ya alfajiri, na wachezaji wameanza kugawanyika makundi.

Hotuba weka pembeni kwanza. Waite mmoja mmoja, faragha, uulize kinachowasibu. Mara nyingi ni nafasi: mtu ameona kijana mgeni amehamia kutoka chuo kingine na kumpiku, basi anasusa. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, kwa hiyo na wivu wa pesa umo.

Wasimulie habari ya Jalen Hurts, alipokuwa akichezea Chuo Kikuu cha Alabama. Januari 8, 2018, fainali ya taifa ya vyuo, Alabama walikuwa nyuma 13-0 mbele ya Chuo Kikuu cha Georgia hadi mapumziko. Kocha Nick Saban akamtoa Hurts, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) aliyewafikisha pale, akamwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza. Wakashinda 26-23. Hurts angeweza kuondoka. Alibaki, akakaa benchi akifanya mazoezi kama kawaida. Desemba mwaka huohuo Tua akaumia wakicheza na Georgia tena, Hurts akaingia wakiwa nyuma, wakashinda 35-28. Mtu aliyenuna msimu mzima hawezi hilo.

Wasipobadilika, mwambie kocha wao, nao wajue utamwambia. Adhabu mwachie yeye. Nawe ukichelewa, kimbia mizunguko ileile wanayokimbia wao.