Nungwi hadi Nairobi kwa ndege ukiwa na mimba ya miezi saba

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nimekuelewa: uko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ndege ya Nairobi inaruka saa 4 asubuhi, hujawahi kupanda, unabeba achari na zawadi, na mimba ina miezi saba.

La mimba ndilo kubwa. Mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, ieleze umefikia wiki ngapi na kwamba unaweza kusafiri. Mimi mimba yangu ya pili nilizuiwa pale pale kaunta, barua nimeiacha kwenye droo nyumbani. Nililia. Yako itie ndani ya pasipoti leo hii.

Daktari huyo huyo muulize habari ya homa ya manjano, maana ukirudi kutoka Kenya unaweza kudaiwa kadi ya chanjo. Chanjo ile ina virusi hai, kwa kawaida wajawazito hawapewi. Usikimbilie kudungwa, na kadi ya kununua usiiguse kabisa. Akiona haikufai, muombe cheti cha msamaha wa chanjo.

Angani ni kama saa moja na nusu tu. Barabara ndiyo inayochelewesha watu, kwa hiyo usitegemee daladala ya 116. Lala mjini kwa jamaa, au panga na dereva unayemjua mtoke saa 11 alfajiri, saa 1 uwe uwanja wa ndege, Kiembesamaki.

Achari tia kwenye begi kubwa. Mkononi chupa isizidi mililita 100. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, basi zawadi tia kwenye mkoba wa ukili.

Ukiona damu au tumbo linakaza, safari iache, nenda hospitali.