Alama peke yake haimvuti mwanafunzi kujifunza

Walimu tunapojadili motisha ya wanafunzi, mazungumzo huishia kwenye zawadi na adhabu: nani apigiwe makofi, nani azuiliwe kutoka wenzake wanapokwenda kucheza. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha hisabati, kinachomrudisha mwanafunzi kwenye zoezi ni kuona kwamba lililomshinda jana ameanza kuliweza, na hilo hutegemea sana namna tunavyosahihisha madaftari.

Aliyepata 4 kati ya 10 na kurudishiwa daftari lililojaa wino mwekundu hajui aanzie wapi; aliyepata 9 hulifunga na kuanza kuuliza wenzake wamepata ngapi. Kwa hiyo, ukiacha mitihani, siandiki alama. Naandika sentensi moja au mbili kuhusu hatua iliyokaa sawa, hatua iliyopotoka na swali la kurudia kwanza. “Umekokotoa vizuri hadi mstari wa tatu, ila namba uliyoihamishia upande wa pili hukuigeuza kuwa hasi” humpa mtoto kazi ya kufanya, ilhali “ongeza bidii” haimwelekezi popote. Kisha mwanzoni mwa kipindi nawapa muda wa kusahihisha nikiwapo, kwa sababu maoni yasiyotengewa muda hayasomwi.

Utafiti wa Ruth Butler uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake, bila alama, waliendelea kuvutiwa na kazi, lakini maoni yalipoambatanishwa na alama, faida hiyo haikuonekana. Sishangai, maana jicho hukimbilia namba.

Kuhusu zawadi, nashauri tahadhari. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waligundua kwamba watoto waliopenda kuchora, wakaahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kwa hiari yao kwa muda mfupi kuliko wenzao; waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa hivyo. Zawadi ya ghafla, basi, haina ubaya huo.

Najua mwalimu mwenye darasa kubwa atasema muda hautoshi, na ana haki. Mimi husoma kwa kina madaftari ya safu moja kila siku, nikibadilisha safu, na waliobaki hulinganisha kazi zao na jibu nililolifafanua ubaoni hatua kwa hatua, kila mmoja akiandika pembeni ni wapi hasa njia yake iliachana na ile ya ubaoni.