Maswali na majibu: Virusi kwenye kompyuta ya nyumbani

Maswali yote ya safari hii yanahusu kompyuta zinazotumia Windows. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta.

Nikienda steshenari kuprinti, nikirudi nakuta folda zote kwenye flashi zimegeuka shortcut. Fundi ananiambia niiformati. Kazi zangu ndiyo basi? (Morogoro)

Usiiformati kwanza. Kazi zako zimo humo humo, zimefichwa tu. Kirusi hiki huzipa folda halisi alama ya "hidden" na "system" ili Windows isizionyeshe, kisha hutengeneza shortcut zenye majina yaleyale. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya shortcut mojawapo, chagua Properties, usome mstari wa Target. Badala ya jina la folda yako utakuta cmd.exe au wscript.exe, programu za Windows za kuendesha maagizo, imeagizwa kuendesha faili fulani, na mwisho kabisa ndipo inafungua folda, usishtukie kitu. Kila ukibofya, unakiendesha upya.

Kosa la wengi ni kusafisha flashi kabla ya kompyuta. Kirusi kikiwa bado kinafanya kazi ndani ya kompyuta, flashi itachafuka tena ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo chomoa flashi, bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda kwenye Details, tafuta wscript.exe, kisha uizime kwa End task. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, ufute humo kitu chochote usichokijua, hasa chenye mwisho wa .vbs, .js au .lnk. Baada ya hapo fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague Full scan. Inaweza kula saa nzima au zaidi, iache imalize.

Sasa chomeka flashi, bila kubofya chochote ndani yake, uangalie imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Tafuta cmd kwenye Start, uifungue kwa Run as administrator, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zingatia nafasi kati ya kila alama, na herufi iwe ya flashi yako. Folda zikijitokeza, futa shortcut zote pamoja na faili za .vbs, .js na .exe ambazo hukuziweka wewe. Ukiona folda isiyo na jina, usiifute: baadhi ya virusi vya jamii hii husukumia vitu vyako vyote humo. Toa kazi zako, zihamishie kwenye kompyuta iliyosafishwa, na hapo ndipo uformati flashi.

Safari nyingine mtumie mwenye steshenari faili la PDF kwa WhatsApp au baruapepe. Flashi ikishachomekwa kwenye kompyuta inayopokea flashi za mtaa mzima, huna tena cha kuilinda.

Ninunue antivairasi, au hii iliyokuja na Windows inatosha? Bando langu pia ni dogo. (Kisumu)

Inatosha. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Defender huja ndani ya Windows ikiwa antivairasi kamili. Fedha ya kununulia nyingine, nunulia diski ya nje ya kuhifadhi nakala za faili zako. Usiweke antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja, maana kila moja hukagua kila faili unalofungua na kompyuta inakuwa nzito. Kuna mtego mwingine: ukiweka ya majaribio, Defender hujiweka pembeni. Muda wa majaribio ukiisha na hujaiondoa, unaweza kubaki na ulinzi wa jina tu. Iondoe kabisa, kisha uhakikishe Real-time protection imewaka.

Kuhusu bando: ukiiwekea Wi-Fi yako "Metered connection", masahihisho makubwa ya Windows hupungua, lakini orodha mpya ya virusi nayo inaweza isishuke yenyewe. Basi kila siku mbili tatu ingia Virus & threat protection, Protection updates, ubonyeze Check for updates. Kompyuta isiyo na intaneti kabisa, pakua faili lenye orodha hiyo, liitwalo mpam-fe.exe, kutoka tovuti ya Microsoft kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, ulilete kwa flashi na kuliendesha.

Pembeni mwa skrini kila saa natangaziwa "kompyuta yako ina virusi 5". Nikiskani hakuna kitu. (Mombasa)

Hicho si kirusi. Kuna tovuti ilikuomba ruhusa ya kukutumia taarifa, nawe ukabonyeza Allow. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications pale juu, uondoe tovuti zote usizozijua zilizoruhusiwa. Likikutokea tangazo limejaza skrini nzima lenye namba ya simu, bonyeza Alt+F4, au uifunge brauza kwa Task Manager. Microsoft haiweki namba za simu kwenye maonyo yake.

Nilipakua Office ya bure yenye "activator". Siku mbili baadaye ukurasa wangu wa biashara wa Facebook ukachukuliwa, na nilikuwa nimewasha uthibitisho wa hatua mbili. Waliingiaje? (Dar es Salaam)

Kwa ulivyoeleza, mshukiwa wa kwanza ni hiyo activator, yaani programu ya kuifanya Office au Windows ionekane imelipiwa. Angalia maelekezo yake: zima Defender kwanza, kisha fungua faili la zip kwa nenosiri lililoandikwa palepale. Nenosiri hilo limewekwa ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani. Kinachotoka humo mara nyingi ni programu ya kijasusi: inakusanya manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye brauza na vidakuzi vya akaunti ulizoingia, inavituma, na nyingine hujifuta zenyewe. Kidakuzi ndicho kinachoiambia Facebook kwamba umeshaingia. Aliyekiiba anakibandika kwenye brauza yake na anakuwa ndani, bila kuulizwa nenosiri wala msimbo.

Fanya haya kwa simu, si kwa kompyuta hiyo. Anza na baruapepe: badilisha nenosiri, toa vifaa vyote vilivyoingia, kisha uangalie kama namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni yako bado, na kama hakuna agizo la kupeleka barua zako kwa mtu mwingine. Hili la mwisho husahaulika sana, na ndilo linalomrudisha mwizi. Baada ya hapo Facebook, kisha benki, kisha vingine.

Kompyuta yenyewe piga Windows upya. Kuskani kunaweza kuondoa kinachoonekana, ila baada ya wizi wa namna hii sisi hatungeiamini. Nakili nyaraka na picha tu, usinakili programu yoyote. Tumia flashi ya GB 8 au zaidi na Media Creation Tool, programu ya Microsoft ya kutengeneza flashi ya kusakinisha Windows, uitengeneze kwenye kompyuta iliyo safi.

Na kuna jambo mafundi wengi hawawaambii wateja. Laptop nyingi zilizouzwa na Windows 8 au matoleo ya baadaye zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao wake mkuu. Fundi akipiga toleo lilelile lililokuja na laptop, kwa kawaida Home, litajiidhinisha lenyewe likipata intaneti. Akikuwekea Pro kwa mazoea, leseni yako haifanyi kazi, ndipo anapochomoa activator. Kwa upande wa Office, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word na Excel.

Picha na nyaraka zote zimeongezewa herufi za ajabu mwishoni, na kila folda lina faili la _readme.txt linalodai dola 980. (Mwanza)

Dalili hizo ni za STOP/Djvu, kirusi cha kufunga faili ambacho husambaa hasa kupitia programu za kulipia zinazotolewa bure kiharamu. Huwaambia watu watalipa nusu, dola 490, wakiwasiliana ndani ya saa 72. Usilipe kwa haraka, na usifute wala kubadilisha majina ya faili.

Ondoa kirusi kwanza, kisha fungua _readme.txt usome ile ID mwishoni. Ikiishia na t1, faili zako zilifungwa kwa ufunguo unaotumika kwa watu wengi, kwa kuwa kirusi hakikuwasiliana na mitambo ya wezi. Hapo programu ya bure ya kampuni ya usalama ya Emsisoft inaweza kuzifungua, endapo ufunguo wa aina yako umeshapatikana. ID isiyoishia t1 ni ngumu, kwa sababu ufunguo wake ni wako peke yako na wanao wao. Aina nyingine za virusi vya kufunga faili zichunguze kwenye nomoreransom.org, mradi ulioanza mwaka 2016 kwa ushirikiano wa polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama.

Usikate tamaa na video. Kirusi hiki hufunga takriban KB 150 za mwanzo za kila faili, hivyo video na nyimbo ndefu wakati mwingine hutengenezeka. Picha na hati za Word ni vigumu. Angalia pia OneDrive au Google Drive kama uliwahi kuziweka huko. Matoleo ya zamani yanaweza kuwa yamebaki. Diski ya nakala nayo ikiwa imechomekwa muda wote, kirusi kitaifunga pamoja na kompyuta. Ichomeke unaponakili, ukimaliza ichomoe.

Laptop yangu ya mtumba inakataa Windows 11. Windows 10 bado ni salama? (Nakuru)

Masahihisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ingia Settings, Windows Update, ujiandikishe kwenye ESU, mpango wa Microsoft wa kuongeza muda wa masahihisho. Itakupa masahihisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Defender itaendelea kupata orodha za virusi hadi Oktoba 2028, lakini orodha haizibi mashimo ya Windows yenyewe. Muda wa ESU ukiisha, kama kazi yako ni kuandika na intaneti tu, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Watoto wanapakua magemu kila siku. Niwazuieje? (Arusha)

Wafungulie akaunti ya Standard user, na ya Administrator ibaki yako ikiwa na nenosiri wasilolijua. Gemu nyingi zikitaka kujisakinisha zitaomba nenosiri hilo. Si zote, kwani nyingine hukaa ndani ya folda la mtumiaji bila kuuliza. Washa pia View, Show, File name extensions kwenye File Explorer, uwaonyeshe kwamba kitu chenye sura ya folda kikiishia na .exe hakibofywi.